Kwa mdogo wangu unayeanza saluni: fundo halivutwi

Wiki ya kwanza hutapewa kusuka. Utapewa kufagia, kufua mataulo na kufumua. Wasichana wengi wanaokuja kwangu kujifunza huona kufumua ni kazi ya asiyejua kazi, ndiyo maana wanaifanya huku simu iko mapajani. Mimi naona kinyume. Msuko mbaya mteja ataufumua kesho na nywele zake atabaki nazo. Ukifumua na kuchana vibaya, unaondoka na nywele zenyewe, na zile za pembeni mwa uso zikishaondoka hazina haraka ya kurudi.

Nilijifunza hilo kwenye kichwa cha mtoto. Alikuwa na miaka saba hivi, amesukwa rasta wakati wa likizo, zikakaa karibu miezi mitatu. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye kazi, saluni ya watu, Jumamosi, foleni imefika mlangoni. Nikafumua harakaharaka, nikampeleka moja kwa moja kwenye sinki, nikamwaga maji na shampuu, nikasugua kwa kuzungusha mikono kama ninayefua soksi. Nilipoinua mikono, kichwa kizima kilikuwa kitu kimoja, kama sufi iliyolowa. Nikachukua kitana. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mama yake akamwambia, "Ukitaka uzuri sharti udhurike," nami nikaitikia kwa kichwa. Jioni nilipofagia, nywele zake zilijaza kizoleo. Methali ile siitaji tena kazini.

Sasa elewa kilichotokea. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele kama 50 hadi 100 kwa siku. Zikiwa wazi, zinaishia kwenye mto, bafuni, kwenye kola ya shati. Zikiwa zimesukwa hazina pa kwenda. Rasta za wiki sita ni siku 42, kwa hiyo nywele 2,100 hadi 4,200 zilizokwisha kung'oka zenyewe bado zimo humo, zimejizungusha kwenye zile zilizoshika. Ongeza kile kipete cha kijivu kinachokaa kwenye shina la kila rasta: vumbi, mafuta, mba na jasho vilivyogandana. Ukikimwagia maji kabla ya kukivunja, umekoroga gundi.

Kwa hiyo nywele hazina ukaidi wowote, hata mteja mwenyewe akikwambia "zangu ni ngumu, we chana tu." Nywele ya kipilipili ni nyembamba pale inapojikunja, na kila kona ni mahali inapoweza kukatika. Mafuta ya kichwa nayo yanashindwa kuteremka kona zote hizo, ndiyo maana ncha hukaa kavu na kushikana. Ndiyo nywele dhaifu kuliko zote zitakazopita mikononi mwako, ingawa kwa macho inaonekana shupavu.

Mteja akikaa, mwamkie vizuri, kisha muulize mambo mawili kabla hujagusa kitu: amesuka lini, na alitia dawa ya kunyoosha nywele lini mara ya mwisho. Mwenye nywele nusu za dawa nusu za asili ana mpaka katikati ya unywele, pale dawa ilipokutana na zile zilizoota baadaye. Hapo ndipo panapokatika. Huyo nenda naye polepole mara mbili.

Fumua zikiwa kavu. Ukimaliza rasta moja usirukie nyingine. Weka tone la mafuta kwenye vidole, shika kile kipete, kipekeche hadi kivunjike kiwe unga, kisha tenganisha nywele zake kwa vidole. Mimi natumia mafuta ya nazi, na si kwa sababu natoka pwani tu. Ni katika mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu, na yakipakwa kabla ya kuosha yanapunguza protini inayopotea. Mafuta ya mbarika ni mazito mno kwa hatua hii, yanakamata vumbi.

Vipete vikiisha, gawa kichwa mafungu manne. Mwenye nywele nzito gawa manane. Bana yote kwa vibanio, acha moja. Ndani ya chupa ya kupulizia tia maji ya uvuguvugu na kondishena, kiasi cha robo ya chupa, tikisa. Lowesha fungu hadi liteleze kwenye mkono; likiwa na unyevu tu bila utelezi, bado. Kuna wanaochemsha bamia na kuchuja ule mlenda wakautumia badala ya kondishena. Unafanya kazi vizuri, ila haukai, utupe siku hiyo hiyo. Na usilifanye fungu lichuruzike maji kisha ukalivuta: unywele uliolowa unavutika kama mpira, ukizidi haurudi.

Hapa sasa tulia. Tia vidole kutokea kwenye ncha. Ukigota kwenye fundo, acha kuteremka. Mkono wa kushoto ushike nywele juu ya fundo, kati yake na kichwa, ubane vizuri, ili chochote utakachofanya kisifike kwenye ngozi. Mkono wa kulia ulifungue fundo kwa kulipanua ubavuni, kama unavyopanua pamba, wala usilivute kwenda chini. Utaona kitu: katikati ya fundo kuna nyuzi ambazo hazijaunganika na kichwa. Ukizipata ncha yake zinatoka zenyewe, laini, bila sauti. Zikishatoka nne tano, fundo zima linalegea. Ukisikia *ta, ta, ta*, simama. Ile ni sauti ya kukatika. Kuna wasusi hawaisikii kabisa kwa sababu ya muziki wa saluni, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Chanuo linakuja baada ya vidole. La meno mapana, unaanzia tena kwenye ncha, sentimita mbili tatu, likipita bila kugota unapanda kidogo, hivyo hivyo hadi kwenye shina. Chanuo la plastiki la bei ya chini huwa na mstari mkali kati ya meno, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Pitisha ukucha utausikia. Mstari ule unakwangua unywele kila unapopita. Lisugue kwa tupa ya kucha au nunua lingine.

Fungu likiisha, lisokote pande mbili, libane, nenda lingine. Usiliache wazi, litarudi kushikana na wenzake. Na kuosha osha vivyo hivyo, zikiwa zimesokotwa: shampuu iende kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, povu literemke lenyewe. Kurundika nywele zote utosini kwa ajili ya povu ni mambo ya matangazo ya televisheni. Kukausha, tumia fulana ya pamba, minya, usisugue. Kama saluni yenu inatumia maji ya kisima, na Dar es Salaam visima vingi vina chumvi, weka ndoo ya maji yasiyo na chumvi kwa suuza ya mwisho, la sivyo zitakuwa za kukwaruza na kazi yako yote itaanza upya kesho kutwa.

Jipime hivi. Tandika taulo jeupe begani kwa mteja, na nywele zote zinazotoka ziweke pale. Ukimaliza zichukue chache uzitazame kwenye mwanga. Yenye kijinundu cheupe upande mmoja, ndefu kama zilizobaki kichwani, hiyo ilikwisha kung'oka yenyewe. Kipande kifupi kisicho na kijinundu umekikata wewe. Vipande vikizidi, usimlaumu mteja. Hili linasaidia pia kumtuliza, maana akiona bonge lililotoka atapiga kelele kwamba nywele zimeisha. Mwonyeshe vile vijinundu, mfanyie hesabu ya siku 42, atapoa. Nimemwona mama mmoja akibeba bonge lake kwenda kumwonyesha mumewe.

Mafundo mengine hayafunguki. Kuna yale madogo kama punje ya mchanga, unywele mmoja umejifunga wenyewe karibu na ncha. Usihangaike nayo, kata juu yake kwa mkasi mkali. Na kuna fungu lililokwisha kuwa gamba kabisa. Jaribu nusu saa, ukiona haliendi mwite mwenye nywele mtazame kioo pamoja, aamue yeye. Kamwe usikate kisha ukaeleza.

Mtoto humchani dakika arobaini mfululizo. Mafungu mawili, apumzike, anywe maji, mawili tena. Ukimaliza mfunge mabutu yaliyolegea, yasiivute ngozi ya paji. Mtoto akilia si deko, kuna mahali mkono wako wa kushoto umeachia.

Mwisho ni hela, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wavute. Kichwa cha rasta za miezi miwili kinaweza kunila saa tatu. Saluni nyingi kufumua kunapachikwa bure ndani ya bei ya kusuka, na binti anayelipwa kwa kichwa atakwenda mbio, utake usitake. Kwangu kufumua na kuchana kuna bei yake, naitaja mteja akiwa bado amesimama mlangoni. Akiona ni kubwa simnunii. Namwambia akafumue nyumbani na dada yake, kwa vidole na mafuta kidogo, mbele ya televisheni hata kwa siku mbili, avunje vipete vyote, ila asiziguse na maji. Aje nazo kavu.