Kabla ya Kupanda Gari Linaloingia Majini: Niliyojifunza Nikiwa na Mama

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Mei, nilisafiri na mama yangu kutoka Entebbe hadi Boston, Marekani, kwenda kuhudhuria mahafali ya binti wa dada yangu. Siku mbili baada ya sherehe, binti huyo alitukatia tiketi za kutembezwa mjini kwa gari la aina ambayo hatujapata kuiona hapa kwetu: huanza safari barabarani kama basi, likapita katika mitaa na viwanja vya mji, kisha likateremka ukingoni na kuingia katika Mto Charles, likaendelea kama mashua. Tangu tuliporudi, watu kadhaa wenye watoto na ndugu ng'ambo wameniuliza namna ya kujiandaa kwa matembezi hayo, hasa wanapokwenda na wazee. Jibu langu kwa wote ni moja, nalo ndilo nitakaloeleza hapa: jiandae kama mtu anayekwenda ziwani, wala si kama mtu anayepanda basi, kwa maana sehemu kubwa ya safari itakuwa barabarani, lakini maandalizi yenye uzito ni ya zile dakika chache za majini.

Nianze na asili ya chombo chenyewe, kwa sababu ukiijua utaelewa maswali ya kuuliza. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya General Motors ilianza kuunda magari haya kwa ajili ya jeshi la Marekani, ili yachukue askari na shehena kutoka melini hadi ufukoni mahali pasipokuwa na gati. Hadi vita vinakwisha yalikuwa yameundwa zaidi ya 20,000. Jina lake la kiwandani liliandikwa DUKW, na kwa kuwa matamshi yake yanakaribiana na neno la Kiingereza la bata, gari limebaki na jina la bata mpaka leo. Lina magurudumu sita, na chini upande wa nyuma lina rafadha ya kulisukuma majini. Barabarani laweza kufika kilomita 80 kwa saa, majini kama 10 tu. Mwaka 1946, huko Wisconsin Dells, mji wa mapumziko jimboni Wisconsin, Marekani, yalianza kutumiwa kutembeza watalii, na mengi yanayoonekana katika miji leo yameundwa upya au kukarabatiwa sana kwa kufuata umbo lile la zamani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mwili wa chombo hiki umekaa chini sana karibu na maji, na chini yake mna matundu yanayopitisha vyuma vya kuzungushia magurudumu na rafadha. Matundu hayo huzibwa kwa mipira, na mpira mmoja ukilegea maji huingia kwa kasi. Ndivyo ilivyotokea tarehe 1 Mei 1999 katika Ziwa Hamilton, jimbo la Arkansas, ambako gari moja la aina hii lilizama dakika chache tu baada ya kuingia majini, na watu 13 kati ya 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walisema matengenezo hayakuwa yamefanywa ipasavyo, na pia kwamba paa la turubai liliwazuia watu kutoka. Tarehe 19 Julai 2018, katika Ziwa Table Rock jimboni Missouri, gari jingine lilikumbwa na dhoruba ambayo tahadhari yake ilikuwa imekwisha kutolewa kabla halijaingia majini. Kati ya watu 31 walikufa 17. Mwishoni mwa 2022 Marekani ikatunga sheria inayotaka mapaa na vifuniko vya madirisha viondolewe wakati wa safari ya majini, au paa liwe la namna isiyomzuia mtu kutoka.

Sisemi haya ili kumtia mtu hofu, kwa maana maelfu ya watu hupanda magari haya kila mwaka wakarudi salama, na mimi mwenyewe ningepanda tena kesho. Nayasema kwa sababu mkaaji wa Uganda hana haki ya kulisahau somo hili. Novemba 2018, miezi minne tu baada ya ajali ile ya Missouri, mashua ya starehe ilizama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Maji ni yale yale.

Mama yangu alilijua jambo hili kabla yangu. Amefanya biashara ya samaki katika mwalo wa Masese, Jinja, kwa zaidi ya miaka thelathini, na Kiswahili chake alikipata kwa wanunuzi wa kutoka Kenya na Tanzania na kwa baba yetu aliyekuwa askari. Tulipofika mahali pa kupandia, watu wote walikuwa wakipiga picha. Yeye alilizunguka lile gari polepole, akatazama juu kwenye turubai, akagusa ukingo wa dirisha kwa kiganja, kisha akamgeukia mjukuu wake akasema, "Mwulize dereva, nikitaka kutoka majini napita wapi?" Binti aliona aibu kidogo, akasema, "Jaja," yaani bibi, "hapa si ziwani, huu ni mto mtulivu." Mama akarudia swali lile lile kwa upole ule ule. Dereva aliposikia tafsiri hakucheka hata kidogo. Alishuka kitini pake, akamwonyesha kwamba madirisha ya pembeni yako wazi na hayana kioo, akamwonyesha yalipowekwa majaketi ya kuokolea maisha, na akatoa moja la ukubwa wake ili alishike mkononi. Mama akashukuru, akapanda.

Basi shauri langu la kwanza ni swali hilo la mama, nalo uliulize kabla hujalipa ikiwezekana. Uliza kama pande zote ziko wazi safari nzima au hufungwa mvua inaponyesha. Uliza majaketi yako wapi, kama yapo ya watoto, na kama yanavaliwa kabla ya kuingia majini. Uliza pia kama anayeendesha ana leseni mbili, ya barabarani na ya chombo cha majini, kwa sababu Marekani hudai zote mbili. Kampuni iliyo makini hujibu maswali haya kwa furaha, na ikijibu kwa kukereka, tafuta matembezi mengine. Mji wowote mkubwa una mabasi ya watalii na mashua za kawaida.

Shauri la pili linahusu hali ya hewa, na hapa sisi wa kando ya ziwa tuna ujuzi ambao hatupaswi kuuacha nyumbani. Asubuhi ya siku ya safari soma utabiri wa eneo lile hasa, wala si wa nchi nzima. Ukiona tahadhari ya upepo mkali au radi, omba kubadilishiwa siku, hata kama itakugharimu fedha, na usishawishiwe na maneno kwamba gari litawahi kutoka majini kabla mvua haijafika. Mvuvi wa Masese akiona wingu jeusi limeinuka upande wa visiwa huivuta mashua yake mchangani na kungoja, na hakuna anayemwona mwoga.

Kuhusu mavazi nitasema kirefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nilipokosea. Mama alivaa gomesi, vazi lake la heshima, nami sikumzuia kwa sababu nilifikiri tunakwenda kukaa kwenye basi. Gari hili liko juu sana kutoka ardhini na hupandwa kwa ngazi nyembamba yenye vidato vilivyoachana. Ilibidi mama ainue gomesi kwa mkono mmoja na kushika chuma kwa mkono mwingine, huku mjukuu wake akiwa nyuma ameushikilia ule mkanda mrefu ili asiukanyage, na mimi nikimtangulia nikimvuta kwa bega. Alipofika juu alikuwa akihema. Zaidi ya taabu hiyo ya kupanda, nilipokaa nikawaza kwamba nguo ile yenye yadi nyingi za kitambaa ikilowa majini humvuta mtu chini, hata akiwa amevaa jaketi. Tangu siku ile namwambia kila mama: acha gomesi, kanzu ndefu na vitenge vya kufunga kwa siku nyingine, vaa suruali au sketi isiyozidi magoti sana, na viatu vya bapa vinavyofungwa mguuni. Beba sweta au koti la kuzuia upepo, kwa maana mtu aliyezoea Jinja au Kampala hawezi kuamini jinsi upepo wa mtoni ulivyo baridi mwezi wa Mei katika nchi zile, hata jua likiwa linawaka.

Kosa jingine lilikuwa la mahali. Matembezi haya huwa na vituo vya kupandia zaidi ya kimoja katika mji huo huo, na mimi sikusoma tiketi vizuri. Tulifika kwenye kituo tulichokiona jana yake, tukaambiwa chetu ni kingine, ikatubidi tukimbilie teksi zikiwa zimebaki dakika ishirini. Gari huondoka kwa saa iliyoandikwa, halingoji kujaa kama teksi zetu za Kampala, na aliyechelewa huenda asirudishiwe fedha. Soma jina la kituo, ukifike nusu saa kabla, na wakati huo mpeleke mzee na watoto msalani, kwa kuwa safari huchukua zaidi ya saa moja na ndani ya gari hamna choo. Mwenye kisukari abebe dawa na kitu cha kula mfukoni, si kwenye begi lililowekwa mbali.

Kiti chagua mapema. Viti vya mbele huonyesha vizuri lakini ndivyo vinavyorushiwa maji. Mtu mzima ambaye si mwepesi kutembea akae karibu na mahali pa kutokea, na anayemsaidia akae upande wake wa ndani. Kama mzee wenu hafahamu Kiingereza, mwekeni pembeni mwake mtu wa kumtafsiria neno kwa neno maelezo ya usalama, hata kama abiria wengine wanaongea na kucheka wakati huo. Niliona wengi wakirekodi video dereva alipokuwa akionyesha namna ya kufunga jaketi. Simu na ifungwe kwa kamba shingoni au ikae mfukoni.

Kwa aliye na mtoto ambaye hajapata kukaa chomboni, ningependa aanzie hapa nyumbani. Mashua za Jinja zinazokwenda kuonyesha chanzo cha Nile ni mwanzo mzuri kwa sababu safari ni fupi. Walio na nafasi waende Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, wakatazame viboko na nyati ukingoni, au wapande mashua ya Paraa inayokaribia maporomoko ya Murchison, pale Nile inapojibana katika mwanya wa mita kama 7. Mtoto akizoea kuvaa jaketi hapo, na kukaa bila kuinuka chombo kinapoyumba, hatasumbuka atakapokuwa ugenini.

Lile tukio lenyewe la kuingia majini ni la sekunde chache, na ni vizuri umwandae mwenzako kwa yale atakayoyahisi. Gari lilisimama juu ya mteremko wa saruji, dereva akataka kila mmoja akae, kisha pua ikainama kiasi kwamba tuliona maji tu mbele yetu. Wimbi jeupe likapanda hadi karibu na kioo cha mbele, gari likazama kidogo, likainuka, na mtikiso wote wa magurudumu ukakatika kwa mara moja. Mlio wa injini ukawa mzito, wa kutoka nyuma. Mama alikuwa ameshika jaketi lake kifuani kwa mikono miwili. Alitazama nje akaona maji yapo kiasi cha mkono tu chini ya dirisha, akanyamaza, kisha akatabasamu na kuniambia kwamba linakwenda kama mtumbwi uliojaa vizuri, maana yake uliopakiwa kwa usawa. Kuanzia hapo alifurahia kila kitu: daraja lililopita juu yetu, kuba la dhahabu la jengo la serikali ya jimbo kwa mbali, wanafunzi waliokuwa wakipiga makasia.

Wakati wa kutoka majini usiinuke mpaka gari limalize kupanda mteremko na kurudi barabarani, kwa maana magurudumu hushika saruji yenye utelezi na abiria hurushwa mbele na nyuma. Na wakati wa kushuka, mpe mwenzako begi, geuka uitazame ngazi, shuka kinyumenyume ukishika vyuma vya pande zote mbili. Mama alishuka hivyo, kidato kimoja kimoja, mjukuu wake akiwa chini amekusanya mkunjo wa gomesi mikononi, na yule dereva akisubiri kando kulipokea lile jaketi.