Jibu: Nimepata fremu Second Avenue karibu na kituo kipya, nisaini?

Usisaini.

Nimesoma uzi wako nikiwa kazini, nikaegesha teksi pembeni ili nijibu. Fremu hapa New York, Second Avenue jirani na Mtaa wa 106, mkataba wa miaka 10, dalali anakuhimiza uwahi kwa sababu treni ya chini ya ardhi inakuja na kodi "itapaa". Mkuu, hayo maneno nayajua hadi mahali anapovuta pumzi. Niliambiwa mimi mwaka 2008, kona ya Mtaa wa 94, na jamaa mwenye viatu vinavyong'aa kuliko maisha yangu.

Nilikuwa na akiba ya miaka tisa ya usukani. Nikafungua mgahawa: viti kumi, chai ya maziwa, sambusa, pilau kila Ijumaa. Dalali alinikunjulia ramani akaweka kidole: ngazi za kituo zitatokea hapa, 2013, watu laki mbili kwa siku kwenye njia nzima. Mimi na akili zangu nikatoa kikokotoo. Nusu tu ya asilimia moja wakinunua andazi moja moja, ni maandazi elfu moja kila siku! Nikaanza kuwaza nani atakanda unga wote huo. Sikuwaza mteja atafikaje mlangoni.

Kati ya Mtaa wa 92 na 95 ndipo walipochimba shimo la kuteremshia mashine ya kutoboa handaki. Usifikirie tundu. Barabara ilifunuliwa kwa juu, kipande baada ya kipande, mabomba na nyaya zikahamishwa kwanza, na uzio ukaja mpaka hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Njia ya miguu ikabaki ya watu wawili kupishana kwa ubavu. Pa kuegesha hapakuwepo tena. Mwaka 2009 wapangaji wa majengo mawili jirani na Mtaa wa 92 waliondolewa kwa kuhofia kuta kuanguka, na tangu siku hiyo hata wateja wangu wa kudumu wakawa wanavuka upande wa pili. Vumbi liliingia kwenye chai. Mzee mmoja aliniuliza kama ni iliki. Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Mauzo yalikuwa dola 900 kwa siku. Yakashuka hadi 200. Siku za mvua 80, na kati ya hizo 80 mimi mwenyewe nimekula za 10. Kodi je? Dola 6,500 kwa mwezi, ikipanda asilimia 3 kila mwaka, kwa sababu mwenye jengo alishakihesabu kituo kana kwamba kipo. Hapo ndipo nilipochinjwa: nililipia kituo miaka minne huku nikitazama shimo.

Na bado hujasikia kubwa. Ukurasa wa mwisho kabisa wa mkataba ulikuwa na dhamana binafsi. Yaani kampuni yako ndogo ikifa, deni linakufuata wewe, nyumbani, mpaka kwenye akaunti yako binafsi ya benki. Nilimuuliza dalali hii karatasi ni nini, akasema "kawaida tu, kila mtu anasaini". Kawaida! Yeye alichukua asilimia yake siku ileile na sikumwona tena hadi leo, na nakuapia nikimkuta amesimama barabarani ananyoosha mkono, nitasimamisha teksi, nitashusha kioo, halafu nitaondoka. Nilifunga mwanzoni mwa 2012. Miaka sita ya mkataba ilikuwa bado. Baada ya kubembelezana na mwanasheria wao tukafikia dola 48,000, kwa mafungu.

Laiti ningesoma historia ya njia hii kwa nusu saa tu. Ilianza kuzungumzwa miaka ya 1920. Mdororo wa 1929 ukaizika. Reli ya juu ya Second Avenue ikaondolewa yote kufikia 1942, ya Third Avenue ikafungwa hapa Manhattan, sehemu ya jiji zilipo barabara hizi, 1955, watu wakiambiwa wangoje ya chini. Mwaka 1951 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 500, fedha zikaishia kuziba viraka vya njia za zamani. Wakachimba 1972, nusura jiji lifilisike, 1975 wakaacha mahandaki gizani. Wakaanza upya 2007. Kipande cha kwanza, vituo vitatu vipya, kama kilomita tatu hivi, kilimeza dola zaidi ya bilioni 4.

Sasa wewe unaambiwa kipande cha pili, chenye kituo chako, kitafunguliwa 2032. Kazi ya kuhamisha mabomba ilianza 2024, ikasimamishwa mwaka huohuo Gavana wa New York, Hochul, alipoahirisha tozo ya magari ya kuingia katikati ya jiji, ambayo fedha zake zilitegemewa kwa ujenzi huu, ikabidi ingoje. Oktoba 2025 serikali kuu ya Washington nayo ikatangaza kuzuia fedha. Na kituo chako cha 106, kwa mpango uliopo, ni cha kufunua barabara kwa juu, kama kwangu. Wa Mtaa wa 116 angalau watatumia handaki lililoachwa miaka ya 70.

Kwa hiyo shika hili moja: lipa kodi ya barabara unayoiona leo, siyo ya ramani. Akikupa bei ya leo, na kifungu cha kupunguza kodi uzio ukifika mlangoni, na ruhusa ya kutoka mwaka wa tatu, na HAKUNA dhamana binafsi, tutazungumza. Akikataa, ameshakujibu.



Fungu langu la mwisho nililipa Novemba 2016. Kituo kilifunguliwa 1 Januari 2017. Nilikwenda kupanda, nikashuka, nikatoka kwa ngazi za Mtaa wa 94. Zimetokea palepale alipoweka kidole, bwana. Fremu yangu ilikuwa saluni ya kucha, imejaa, watu wanasubiri wamesimama.

Nitumie huo mkataba faraghani, kurasa zote, hasa ya mwisho. Natoka zamu saa nne usiku.