Shujaa mmoja, mahamali saba

Jumapili moja hapa Manyatta, Kisumu, binamu yangu alinitoa jasho nyumbani kwangu mwenyewe. Tulikuwa tunacheza Heroes of Might and Magic III, gemu ya kuongoza mashujaa na majeshi yao kwenye ramani na kutekana miji, kila zamu ikiwa siku moja. Tulicheza kwenye leptop yangu kuukuu, kwa zamu, mmoja akicheza mwenzake anageukia ukuta asichungulie. Gemu ni ya 1999, haidai mashine ya maana. Shujaa wangu Crag Hack alikuwa amefika kiwango cha 18, anafagia kila anayekutana naye. Shida ni kwamba alikuwa pembe ya pili ya ramani. Binamu akatuma kishujaa fulani hafifu chenye askari wa kuhesabika, kikaingia mjini kwangu kama kinaingia dukani kununua sukari. Mji ulikuwa mmoja tu. Gemu ikanipa siku 7 nipate mwingine. Sikuupata.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kumlea shujaa mkubwa. Zamani nilimhesabia vita alivyoshinda. Siku hizi namhesabia siku alizopoteza akirudi nyuma kuchukua askari.

Kuajiri shujaa pale taverni ni dhahabu 2,500, na mwisho ni wanane kwenye ramani. Mkubwa ni mmoja. Wale saba ni mahamali, nami nawapanga njiani kama mikokoteni ya soko la Kibuye. Siku ya kwanza ya wiki askari wapya wakipatikana, wa kwanza anawabeba kutoka mjini mpaka mwendo wake uishe. Hapo anamkuta wa pili, ambaye hajasogea tangu asubuhi, anamkabidhi. Wa pili naye anakimbia mpaka kwa wa tatu. Siku hiyohiyo jeshi zima liko mkononi mwa mkubwa, hata kama ni safari ya siku tatu. Anayechoka ni shujaa. Askari hawachoki kamwe. Ukishaelewa hilo, gemu inakuwa nyingine kabisa.

Kuna na hili wengi hawalijui: mwendo wa shujaa hupimwa asubuhi, kwa kumtazama askari wake mzito kuliko wote. Ukilala na mazombi, utaamka na miguu ya zombi. Basi kabla ya kufunga zamu, wazito waachie hamali aliye kando yako, mkubwa alale na wepesi peke yao. Asubuhi warudishe kwake kabla hajaondoka. Mwendo umeshapimwa, haupunguzwi tena.

Ujuzi wa kila shujaa una nafasi 8 tu, kwa hiyo usiokote kila unachopewa. Eagle Eye, ujuzi wa kuiga uchawi wa adui vitani, mimi siigusi. Natafuta kwanza uchawi wa ardhi. Ukiufikisha kilele, Slow, uchawi wa ngazi ya kwanza tu, unawapunguzia maadui wote uwanjani nusu ya mbio zao kwa mkupuo mmoja. Wapiga mishale wako wanawamaliza wakiwa bado wanajikokota. Na Town Portal, ya ngazi ya nne, inakurudisha kwenye mji unaouchagua mwenyewe. Hiyo ndiyo ingeniokoa Jumapili ile, ila miji ya Stronghold, aina ya mji wa Crag Hack, haijengi chama cha uchawi kupita ngazi ya tatu. Ukiwa na Crag Hack, nyang'anya mji wa watu wengine mapema, na umfundishe hekima, maana bila hiyo ngazi ya nne hataisoma.

Vitani, gawa askari wako dhaifu, mmojammoja. Kundi la adui hujibu pigo mara moja kwa kila raundi, kwa hiyo mtangulize huyo mmoja wa bei rahisi apokee kofi, kisha wakubwa wapige bila kujibiwa. Ni ukatili, najua.

Ile mbinu ya majoka meusi na Armageddon, uchawi wa moto unaochoma wako na wa adui pamoja, sisi tumeipiga marufuku. Joka jeusi halishikwi na uchawi wowote, unawasha uwanja mzima na yeye anaota moto tu. Ushindi upo, utamu haupo. Atakayeitumia ananunua chapati.

Binamu anakuja tena Jumamosi kutoka Kakamega, na amenitumia ujumbe kwamba safari hii anachagua Necropolis, mji wa wafu. Mahamali wangu wawili wa mwisho sitawapeleka popote. Watakaa langoni.