Mawakala wapya wa alama za biashara, hebu kaeni kidogo

Juzi nimemsikia kijana wetu akimwambia mteja, tena kwa kujiamini: “Cheti cha BRELA kikitoka, umelindwa dunia nzima.” BRELA ni wasajili wa biashara wa Bara tu. Jamani! Hata Forodhani hakifiki. Zanzibar wana msajili wao, BPRA. Unafaili upya, unalipa upya. Nawapenda wadogo zangu, lakini mnanizeesha.

1. Ukishafaili alama Dar, Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa haki ya kipaumbele (yaani tarehe yako ya Dar ndiyo inahesabiwa) katika nchi wanachama kwa miezi 6. Ile 12 ni ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi. Mimi nilizichanganya. Mteja alikuwa mama mmoja msaga viungo vya pilau, akaniuliza kama anaweza kungoja apate hela ya kufaili Kenya. Nikamwambia asiwe na presha, tuna mwaka mzima. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya hataza, 12 imeniganda kichwani, Kifungu cha 4 cha Mkataba sikukichungulia hata kidogo. Tunakuja kufaili Nairobi, kipaumbele kimeshakufa, na kuna mtu katutangulia na jina lilelile. Tungewahi ndani ya miezi 6, tarehe yetu ya Dar ndiyo ingehesabiwa na yeye angekuwa nyuma yetu. Mama akaja ofisini na rola la vifungashio vya Kenya, vimeshachapwa, akalitua mezani kwangu. Hakugomba. “Mwanangu, si ulisema mwaka?” Bora angenitukana. Kule akabadili jina, uchapaji mpya nikaulipa mimi kwa mafungu, na mhasibu wetu mpaka leo akiona pilau ananiuliza ni miezi mingapi.

2. Nakala iliyothibitishwa ya ombi la kwanza iombeni mapema. Mkataba unawapa miezi 3 baada ya kufaili ugenini, lakini msiizoee.

3. Siku ya mwisho ya kipaumbele ikiangukia sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Sikukuu ya kule unakofaili, lakini! Nane Nane yako Nairobi haiwahusu.

4. Mteja wa hataza afaili kwanza, maonyesho ya Saba Saba baadaye; uvumbuzi ukishaanikwa hadharani unaweza kuhesabika si mpya tena. Atakwambia “naonyesha tu, sielezi.” Msimwamini. Mmoja nilimfuata mbio hadi viwanjani Barabara ya Kilwa, nikamkuta bandani anagawa vipeperushi vyenye mchoro wa mashine nzima, na vipimo vyake, na namba ya simu kwa atakayehitaji ufafanuzi zaidi.