Kicheko kisichosimamisha hadithi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: tamthilia ya mashetani na mizimu ikijaa vichekesho, hadithi yake kuu haipwai? Naona hupwaya pale kichekesho kinapofanywa likizo, hadithi ikaambiwa isubiri wiki ijayo.

Chukueni Supernatural, tamthilia ya ndugu wawili wawinda mashetani, Dean na Sam, iliyorushwa Marekani kuanzia 2005 hadi 2020. Msimu wa tatu unaanza Dean akiwa ameshauza roho yake ili mdogo wake Sam afufuke, naye amebakiwa na mwaka mmoja tu duniani. Ndani ya mwaka huo ndimo ilimowekwa sehemu iitwayo "Mystery Spot". Sam anaamka Jumanne ileile kila mara, na kila Jumanne Dean anakufa: mara risasi, mara gari, mara kapaliwa na soseji, mara kateleza bafuni. Unacheka mpaka unajionea haya, maana Sam mwenyewe haoni cha kuchekesha hata chembe. Ghafla inaingia Jumatano. Dean anauawa, na safari hii siku hairudi nyuma. Miezi inapita, Sam yuko peke yake, anatandika kitanda na kupanga silaha kwa unadhifu wa kutisha, mpaka mwishoni anarudishwa Jumatano ile, Dean akiwa hai. Kumbe vile vifo tulivyovicheka vilikuwa mazoezi ya msiba tuliokuwa tukiuogopa msimu mzima! Ondoa sehemu hiyo, na kifo cha Dean mwishoni mwa msimu kinapoteza nusu ya uchungu wake.

Buffy the Vampire Slayer, tamthilia ya msichana mwindaji wa vampaya, ilifanya jambo la namna hiyo mwaka 2001: mji mzima unalazimishwa na shetani kuimba, na ni katika wimbo Buffy anaropoka kwamba rafiki zake, walipomfufua, walimtoa peponi.

Turudi kwa Supernatural: sehemu yake ya 2011, "The French Mistake", ambamo Sam na Dean wanatupwa katika dunia ambako wao ni waigizaji tu, inasifiwa sana. Nilicheka, sikatai. Lakini hadithi kuu ya msimu huo, vita vya malaika kwa malaika, iliendelea mbali na macho yetu, na mwishoni Castiel, malaika rafiki yao, akatokea silaha za vita hivyo anazo tayari. Hapo nilihisi nimepunjwa.

Wapo wanaosema misimu ya sasa, yenye sehemu nane au kumi, haina nafasi ya mizaha. Ule msimu wa tatu nao ulikatwa ukabaki na sehemu 16 kwa sababu ya mgomo wa waandishi, na bado Jumanne zile zote zikapata nafasi.