Sahihi Iliyonifuata Baada ya Kuacha Kampuni

Nilikuwa nimeacha ukurugenzi wa kampuni yetu miezi kumi na minne niliposhtakiwa kwa deni lake. Hisa zangu zote nilikuwa nimemwachia mwenzangu, barua ya kujiuzulu ilikuwa imeshapokewa na msajili, na mzigo uliodaiwa ulichukuliwa mimi nikiwa nimeondoka. Wakili wa mdai alileta karatasi moja tu: fomu ya kuomba mali kauli, yaani bidhaa za kuchukua sasa na kulipa baadaye, tuliyoijaza mwaka wetu wa kwanza. Ukurasa wa nne, juu kidogo ya sahihi yangu, palikuwa na aya ya mistari mitano. Nilikuwa nimejiweka mdhamini: kampuni isipolipa, nalipa mimi.

Wengi wetu tunasajili kampuni ili deni la biashara lisiingie nyumbani. Kinga hiyo ipo. Mwaka 1896 mahakama ya mwisho ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Aron Salomon, mtengeneza viatu aliyemiliki hisa 20,001 kati ya 20,007 za kampuni yake. Sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na watoto. Kampuni ilipofilisika, mfilisi, yaani msimamizi wa kufunga kampuni na kulipa wadai wake, alitaka Salomon abebe madeni. Mahakama ikakataa: kampuni ni mtu mwingine kisheria. Nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza zinafuata uamuzi huo hadi leo.

Kwa sababu hiyo hiyo wakopeshaji huomba udhamini binafsi. Ukishautia sahihi, kinga umeiondoa mwenyewe, na hakuna hakimu atakayekurudishia kwa kuwa hukusoma.

Maneno mawili ndiyo yaliyoniumiza. La kwanza, udhamini "endelevu": unashika madeni ya jana, ya leo na yatakayokuja, na kujiuzulu hakuukatishi. La pili, "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Mdai hahitaji kugawanya deni nusu kwa nusu. Anamfuata mwenye uwezo wa kulipa. Mwenzangu hakuwa na kitu tena, nikalipa lote. Haki ya kumdai fungu lake ninayo, ila haki dhidi ya mtu asiye na mali hainisaidii kitu.

Watu huniuliza kama kuandika "kwa niaba ya kampuni" chini ya sahihi kunatosha. Andika, maana kunasaidia kwenye mikataba ya kawaida, lakini usiegemee hapo ikiwa aya yenyewe inasema anayesaini anadhamini. Na usidhani hatari iko kwenye fomu peke yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikubali kwamba mfululizo wa barua pepe, ukimalizikia na jina lililochapwa tu, unaweza kuwa udhamini kamili.

Siku hizi nikipewa fomu naanza kutafuta neno "mdhamini" popote lilipojificha. Nikilikuta, naomba aya ifutwe. Wakigoma, naomba mambo matatu: kiwango cha juu kitakachotajwa kwa tarakimu, tarehe ya mwisho, na haki ya kusitisha udhamini kwa madeni mapya kwa kutoa notisi ya maandishi. Bado sijakosa walau moja kati ya hayo. Sheria za udhamini hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mpe wakili wa mahali ulipo aisome fomu kabla hujashika kalamu. Ada yake ni ndogo kuliko deni la mtu mwingine.

Kama unatoka kwenye kampuni, kwa kweli nakusihi: orodhesha kila benki na kila msambazaji uliyewahi kumsainia, na upate kwa kila mmoja barua inayosema umeachiliwa kutoka kwenye udhamini. Barua unayomwandikia wewe si sawa na barua anayokuandikia yeye. Rafiki yangu aliyeuza hisa zake karibuni alifanya hivyo. Msambazaji mmoja aligoma hadi mkurugenzi mpya alipokubali kusaini badala yake. Ilichukua wiki sita, na hisa hazikuhamishwa mpaka barua hiyo ilipofika.