Maswali na Majibu: Abiria wa Baiskeli katika Faili na katika Misimbo

Mgonjwa alikuwa amepakiwa kwenye keria ya baiskeli iliyogongwa na pikapu barabarani. Nimemwekea msimbo V13.4. Ni sawa?

Si sawa. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, V13 ni ya baiskeli kugongana na gari dogo au pikapu; nukta 4 ni ya mwendesha baiskeli na nukta 5 ni ya abiria, hivyo msimbo wake ni V13.5. Angeumia wakati anapanda au anashuka ungeweka V13.3, ambayo wengi huisahau.

Bajaji ikimgonga, je, tunaihesabu kama gari dogo?

Hapana. Inawekwa V12 pamoja na pikipiki. Lori zito na basi ni V14.

Daktari ameandika "ajali ya barabarani, baiskeli" na kuishia hapo. Niweke nini?

Swali hili linaletwa tena na tena, na jibu halijabadilika: V19.9, lakini baada tu ya kumrudia aliyeandika na kukosa jibu. Msimbo huo ni wa kukiri kwamba hatujui kilichomgonga wala kama aliendesha au alipakiwa, na si halali kuukimbilia wakati mgonjwa yumo wodini, ana fahamu na anaweza kusema.

Hapa nawageukia waganga, maana karani hawezi kuweka msimbo wa jambo lisiloandikwa. Mganga angeweza kuandika hivi: "Alikaa upande kwenye keria, amempakata mtoto, baiskeli iligongwa kwa nyuma na pikapu, aliangukia paja la kushoto, hakuvaa kofia ngumu." Maelezo hayo yanampa karani V13.5 bila kubahatisha, na yanamkumbusha kila mtu kuwa yupo majeruhi wa pili ambaye huenda bado hajafunguliwa faili. Mfupa wa paja ukiwa umevunjika katikati, S72.3, msimbo wa jeraha hilo, hutangulia na V, msimbo wa ajali, hufuata. V peke yake haisemi mgonjwa ameumia nini. Abiria waliofichwa ndani ya V19.9 hawaonekani kwenye takwimu kama abiria, kisha tunashangaa kwamba kila mpango wa usalama unamzungumzia mwendesha tu.

Baba alikuwa akiikokota baiskeli huku mtoto amekaa juu yake, wakagongwa na gari dogo. Je, msimbo ni mmoja?

Ni miwili. Baba alikuwa kwa miguu, kwa hiyo ni V03.1, mtoto ni abiria, V13.5. Kunakili msimbo wa jamaa mmoja kwenye faili la mwingine ni uvivu.

Abiria akifariki, jeraha bado linatangulia?

Katika kuchagua chanzo cha msingi cha kifo, hapana: V ndiyo hushika nafasi hiyo, na jeraha huandikwa kama matokeo yake. Cheti kinachotaja "kuvuja damu kichwani" pekee kimeificha ajali nzima.

Majeruhi anadai dereva alikuwa amelewa. Niandike hivyo kwenye PF3, fomu ya polisi ya majeruhi?

Andika kuwa hayo ni maelezo ya majeruhi, kwa sababu dereva hukumpima. Wala usikubali, kwa kuombwa na ndugu wanaofikiria madai ya fidia, kumgeuza mwendesha kuwa abiria. Fomu hiyo inaweza kufika mahakamani, na atakayeitwa kuieleza ni wewe uliyetia saini.